Timu ya Jikoni

Mhadhiri wetu wa uongozi wa biashara alirudi kutoka masomoni ng'ambo na mzigo wa fotokopi na imani mpya. Imani yenyewe ilikuwa kwamba mtu hajifunzi biashara kwa kunakili ubaoni, anajifunza kwa kesi. Kesi hiyo si ya mahakamani. Ni habari ya kampuni fulani iliyokwama, imeandikwa kurasa kadhaa, na majedwali ya hesabu mwishoni. Wanafunzi wanaisoma kwa kikundi, wanakubaliana kampuni ifanye nini, kisha wanasimama mbele ya majaji kutetea walichoamua. Alisema vyuo vya huko alikotoka vinashindania mchezo huo kama sisi tunavyoshindania mpira, na mwaka huo vyuo vyetu navyo vingeanza. Fainali ingefanyika mjini Moshi, wiki chache kabla ya Krismasi.

Mimi habari hiyo haikunifurahisha. Hesabu sikuziogopa, niliogopa kikundi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na utoto wangu wote tulihamishwa stesheni hadi stesheni, nikifika darasani nakuta watoto wameshagawana marafiki. Stesheni yetu ya mwisho ilikuwa Kahe. Hapo ndipo baba alipopunguzwa kazi, wakati mashirika yote ya umma yalipokuwa yakipunguza watu, na haukupita muda mrefu akafariki. Mama wa kambo akakusanya vitu vyake akarudi kwao Tabora. Hakunifukuza, wala hakuniita. Mafao ya baba yalinilipia chuo na chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, mjini Moshi, ukuta mmoja na fundi cherehani ambaye nilikijua kikohozi chake kabla sijaijua sura yake. Jioni nilipika, nikala, nikaosha sahani moja. Jumapili nilikaa mlangoni nikisikiliza cherehani yake, na ikinyamaza nilijiona nimeachwa hata na mashine.

Nilikuwa mpweke, niseme tu. Wakati huo nisingekubali kulisema neno hilo. Ningekwambia napenda utulivu, na ningekwambia kwa ukali, maana ulimi wangu ulikuwa mkali tangu zamani na bado sijaupeleka popote kutiwa ubutu.

Timu zilitakiwa ziwe za watu wanne. Wenzangu walichaguana wenyewe kwa wenyewe mpaka mwisho wakabaki watatu wanaotafuta mtu, na nikabaki mimi ambaye hakutafutwa. Mhadhiri akaokota kilichobaki akakitia palipobaki. Katika wale watatu, mmoja alikuwa mwanaume aliyeshatutangulia sana kwa umri, mwenye mke na watoto. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na magari yao na mizani zao, chama kikabaki hakina cha kupima. Ndipo akaamua kurudi shule. Wa pili alikuwa msichana wa Kibosho, juu mlimani, ambaye kwa ukoo alimwita huyo karani baba mdogo. Wa tatu alikuwa kijana wa jirani na kwao msichana, mdogo kuliko sote, aliyekulia katika nyumba ile kiasi kwamba akipigwa na mama yake alikimbilia kwa mama wa msichana, na huko akaongezewa.

Umeme wa chuo ulikuwa wa mgao na maktaba ilifungwa mapema. Msichana akasema twende kwao Jumamosi, kuna nafasi na kuna chakula. Tukapanda nyuma ya pikapu, tukarushwarushwa kwenye mashimo ya barabara ya Kibosho mpaka nikajuta kuzaliwa. Tulipofika, njia ilipita katikati ya migomba, na chini ya migomba kahawa, na pembeni mfereji mwembamba wa maji yanayokwenda haraka. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya peke yake nyuma ya ile kubwa, moshi ukitokea mlangoni na chini ya bati.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Shika kisu."

Kumbe pale hakuna aliyekaa bure. Kulikuwa na mkungu mzima wa kumenya, kwa ajili ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, wa mgonjwa fulani wa jirani na kwa ajili yetu sote. Nikamenya ndizi kama mtu anayechonga penseli, nusu ya ndizi ikaondoka na ganda. Walicheka mpaka kijana akalazimika kuketi. Mama hakucheka. Alinipaka mafuta ya kula mikononi ili utomvu usinigande, akaniwekea vidole vyake juu ya vyangu, akanionyesha jinsi kisu kinavyoteleza chini ya ganda. Hata hivyo utomvu ulinipata. Tangu siku ile mpaka fainali vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na darasani nilikuwa nikiviweka juu ya dawati vionekane.

Hivyo ndivyo timu yetu ilivyofanya kazi. Kijana alikaa kizingitini palipokuwa na mwanga akisoma kesi kwa sauti, sisi tukimenya. Akimaliza, tuliongea. Aliyeanza ni yeye, kwa kuwa ndiye mdogo, kisha mimi, kisha msichana, na karani akawa wa mwisho. Alisikiliza akikoroga chungu au akikata kuni, halafu akachukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, akasema, "Basi, tumefunga." Akishasema hivyo imefungwa. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo wala aliyeniambia. Siku ya kwanza nilipinga baada ya kufungwa, nikaendelea kupinga, wakanitazama kama mtu anayeendelea kuimba baada ya padre kutoa baraka. "Hiyo imeshafungwa, mdogo wangu," karani akasema kwa upole, na mama akanimwagia ndizi zingine mbele yangu.

Nilidhani ni uzee tu unaojipendelea. Ilinichukua muda kuona faida yake. Kwa kuwa kila mmoja alijua kuna wa kufunga, hakuna aliyekuwa na haja ya kushinda. Unaweza kusema la kipuuzi bila kujeruhiwa. Kuna kesi ya kiwanda cha mikate ambacho magari yake ya kusambaza yalikuwa yakiharibika kila siku, na mimi nilikuwa nimepiga hesabu za magari mapya, ya mkopo, ya kukodi, kurasa na kurasa. Kijana akasema kutoka kizingitini, "Kwani lazima wapeleke wao? Si wenye maduka waje wachukue wenyewe, wapunguziwe bei?" Darasani ningemkata kauli kabla hajafika katikati. Pale mikono yangu ilikuwa imejaa ndizi, nikamwacha amalize. Na alikuwa sahihi. Karani alipofunga, hesabu zangu zote zilikuwa zimekufa, na nilifurahi, jambo ambalo lilinishangaza mwenyewe.

Joto la maneno likipanda walihamia Kichagga bila kujijua. "Semeni Kiswahili," mama aliwakumbusha, "mwenzenu hasikii." Wakarudi. Baada ya Jumamosi kadhaa nilianza kudaka maneno mawili matatu, na mama naye akaacha kuwakumbusha. Wakiongea, nadaka ninachodaka, kisichodakika nakiacha kipite. Sijawahi kuachwa nje ya mazungumzo nikajisikia vizuri namna ile. Ilikuwa ni kusahauliwa kama mtu wa nyumbani anavyosahauliwa.

Tulishinda raundi ya kwanza, tukashinda ya pili. Jumamosi moja mama akaniuliza, akiwa ameinamia moto, Krismasi nakwenda wapi.

"Nipo tu, mama."

"Nipo tu ndiyo wapi? Utakuja huku."

Akaendelea kupuliza moto. Asiyeishi Moshi hawezi kuelewa nilipewa nini. Inapofika Desemba, walioko Dar na Arusha na Nairobi wanarudi, magari yanapanda mlimani yamejaa masanduku na mabati na makreti ya soda, na mjini kunabaki walinzi na wasio na kwao. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimebaki mimi na fundi, naye siku hiyo alilala mchana kutwa. Niseme ukweli wangu, niliitaka Krismasi ile kuliko kombe. Kombe nilililia kwa sababu ya wale watatu, nikidhani tukilipata tutakuwa timu moja maisha yote.

Fainali ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Nilivaa koti la mitumba lenye mabega makubwa ambalo fundi alinipunguzia bila kuniuliza la nini. Kesi ilihusu kiwanda cha maziwa cha nchi ya mbali, kilichotaka kukopa kinunue matanki ya kupozea. Tulifungiwa chumba kimoja na karatasi zetu. Hapakuwa na ndizi, na mikono yetu haikujua ikae wapi, lakini tukaongea vilevile, mdogo kwanza, mkubwa mwisho. Tukakubaliana kiwanda kikope. Mimi nikachora jedwali kwenye karatasi ya plastiki ya kuwekea kwenye mashine ya kumulika ukutani, na kwa haraka nikaandika maandishi madogo. Mstari wa juu ulionyesha muda wa kulipa mkopo bila riba, wa chini mkopo na riba yake.

Tulitoa maelezo yetu vizuri. Yakaja maswali. Jaji mmoja, mwanamke wa benki kutoka Dar, akauliza mkopo ungelipika baada ya muda gani. Karani ndiye aliyekuwa amesimama, maana ndiye wa kufunga. Akageuka ukutani, akasoma mstari wa juu.

"Miaka miwili," alisema.

"Miwili? Mna hakika?"

"Tuna hakika."

Nikamtazama msichana, naye alikuwa akiutazama mstari wa chini. Nikamtazama kijana, naye vilevile. Wote walikuwa wameona.

"Wote mmekubaliana?" jaji aliuliza, na sasa alikuwa akituuliza sisi tulioketi.

"Tumekubaliana," msichana akasema. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Mimi nikasimama. Sikupanga kusimama. Nilihisi moto unanipanda kifuani, moto uleule wa siku zote wa kuona jambo limekosewa na watu wanalipita. "Samahani," nilisema. "Si miwili, ni mitano." Nikaenda kwenye ile mashine nikaweka kidole kwenye mstari wa chini, na kivuli cha kidole changu kikaenda ukutani kinene kama gogo. Karani akasogea pembeni kunipisha. "Asante," akaniambia, akaketi. Nikaeleza riba, nikaeleza kwa nini hata kwa mitano bado inafaa kukopa, na yule mwanamke wa benki alikuwa akiandika huku akitabasamu.

Tukashinda. Jaji mkuu, akikabidhi kombe, alisema amefurahi kuona timu ambayo mdogo anaweza kumsahihisha mkubwa hadharani bila woga, kwamba hiyo ndiyo roho mpya ya biashara inayotakiwa nchini. Ukumbi ukapiga makofi. Wenzangu nao walipiga makofi, tena vizuri, wakinigeukia mimi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona kwamba walikuwa wakipiga makofi kama watazamaji.

Nje, watu wakipigana picha, nilimkuta msichana peke yake akinywa maji.

"Uliuona ule mstari," nilimwambia.

"Niliuona."

"Ukasema tumekubaliana."

"Baba mdogo alikuwa ameshafunga."

"Kwa hiyo ningekaa kimya?"

"Ungekaa."

"Tungeshindwa."

"Tungeshindwa, eeh." Hakuwa na hasira. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto njia ya kwenda dukani. "Tungeshindwa, turudi nyumbani, tule, tumcheke baba mdogo mwaka mzima. Na yeye mwenyewe angejicheka. Sasa nani atamcheka?"

Nikamwacha amalizie maji yake, nikarudi kwenye picha. Jibu nimelitafuta miaka mingi tangu pale. Nimefundisha vijana wengi mchezo huohuo wa kesi, na kila mwaka nawaambia: ukiona kosa, lisahihishe, hata kama aliyekosea ni mimi. Wananisahihisha, wengine kwa furaha iliyopita kiasi. Wanaotarajia nijute kwa kusimama siku ile watasubiri sana. Mitano ni mitano. Ninachokijua sasa, ambacho sikukijua nikiwa na kombe mkononi, ni kwamba wenzangu walikuwa na mahali pa kupeleka kushindwa kwao. Kosa lingeingia jikoni likachekwa, likaisha. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye chumba chenye sahani moja, na kosa nikilirudisha huko nalala nalo.

Baada ya hapo Jumamosi zilikoma. Mashindano yamekwisha, hakuna cha kukutania, ndivyo nilivyojieleza. Darasani tulisalimiana na kuazimana vitabu. Nilisubiri mtu anune, nikasubiri mtu aniseme, ningekuwa na la kujibu. Hakuna aliyenuna. Siku ya mwisho kabla ya likizo msichana alinifuata mpaka getini. "Mama anasema usisahau Krismasi," aliniambia.

Roho yangu ikarudi mahali pake. Nilinunua sukari na khanga ya mama. Usiku wa mkesha niliikunja ile khanga na kuikunjua, nikaikunja tena. Asubuhi mlima ulikuwa wazi, na nilipanda Kibosho nikiwa nimevaa gauni langu moja zuri, nikajiambia kwamba nikifika tu nitafunga kitambaa kiunoni nishike kisu.

Mama aliniona kutoka mbali. Akatoka jikoni akifuta mikono, akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu, karibu sana, mgeni wetu," alisema, na akaniongoza, si nyuma, bali mbele, kwenye nyumba kubwa. Miezi yote ile sikuwahi kuingia sebuleni mwao. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya Moyo Mtakatifu, na chini ya picha wajomba waliotoka Dar wenye viatu vinavyong'aa. Nikapewa kiti cha katikati. Soda ikafunguliwa mbele yangu, na gilasi ikafutwa mara ya pili. Nyama ikaja kwenye sahani ya udongo pamoja na uma, na vipande vilikuwa vile vizuri, visivyo na mfupa.

Karani akaingia amevaa suti. Nilisimama. Akanishika mkono, akainama kidogo.

"Habari za mjini, madam?"

Kabla ya fainali hajawahi kuniita chochote isipokuwa mdogo wangu. Nikatafuta usoni mwake kinyongo, ningekiona ningejua la kufanya, ningepiga magoti nikaomba radhi au ningegomba. Hakikuwepo. Akawageukia wajomba akawaambia kwa fahari ya kweli, "Huyu ndiye aliyetushindia kombe. Kichwa chake huyu, acheni tu." Wajomba wakanipongeza. Mmoja akataka kujua kama nimefikiria kazi ya benki.

Kutoka nyuma ya nyumba nilikuwa nasikia kicheko, kile cha kijana, cha kushindwa kusimama. Niliomba njia, nikatoka, nikazunguka mpaka jikoni. Walikuwa wamejaa, msichana na dada zake na kijana na watoto, mikono yote kwenye beseni la ndizi, wakiongea Kichagga kwa kasi. Niliposimama mlangoni wakahamia Kiswahili, wote kwa pamoja, bila kukumbushwa na mtu.

"Naomba kisu," nilisema.

"Hapana, mwanangu," mama akasema, akainuka haraka kunizuia kwa mkono wenye maji. "Utanuka moshi na gauni zuri hivyo. Kapumzike. Tunakuletea mtori sasa hivi."

Msichana alinitabasamia, na kijana akasogeza mguu ili nisikanyage maganda nikigeuka. Nikarudi sebuleni. Nilikula kila nilicholetewa, nikajibu kila nilichoulizwa, na soda nikaimaliza.

Jua lilipoanza kuteremka nikaaga. Zile Jumamosi nilikuwa nasema tu "nakwenda" na mtu anajibu "haya" bila kuinua macho kwenye chungu, nami nashuka peke yangu hadi barabarani. Safari hii nyumba nzima ilitoka. Mama alibeba kapu la ndizi na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, karani akampokea kapu, wajomba wakaja na viatu vyao kwenye tope, watoto wakatangulia. Walinisindikiza mpaka barabarani, wakasimama nami mpaka pikapu ikaja, karani akamwambia dereva anikalishe mbele, na mama akaniombea safari njema mara mbili. Gari lilipoondoka wote walikuwa wamesimama kwenye mstari wakipunga mikono.

Dereva aliwatazama kwenye kioo mpaka tulipokata kona, akasema nina ndugu wazuri. Nikamwambia si ndugu zangu, nilialikwa tu.